Wahubiri wa Televisheni na Fedha za Wafuasi Wao

Njia panda ya Nangurukuru yajulikana na kila asafiriye kati ya Dar es Salaam na Lindi. Hapo ndipo barabara ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu, na hapo abiria hushuka kununua chakula, huku televisheni ikisema juu ya vichwa vyao. Mara ni mpira, mara ni taarifa ya habari, na mara ni mhubiri aliyeshika Biblia, na chini ya picha yake inapita namba ya simu ya kupelekea fedha. Nchi ya Kilwa ni nchi ya Waislamu tangu karne nyingi, lakini king'amuzi hakiulizi dini ya mwenye nyumba. Kwa hiyo swali ambalo wachunguzi wa dini huuliza mara kwa mara lawahusu watu wa Nangurukuru kama liwahusuvyo watu wa Nairobi au wa Marekani: Je, fedha zile huenda wapi? Na je, ni kweli kwamba azitoaye atavuna mara mia?

Ndugu msomaji, katika somo hili hatukusudii kumcheka mtu. Mkulima anayechukua sehemu ya fedha yake ya ufuta na kuipeleka kwa mhubiri asiyemjua, kwa kuwa mwanawe amelala mgonjwa na zahanati imeshindwa, hastahili kuchekwa. Amefanya alilodhani ni ibada. Wala hatusemi kwamba Ukristo wote ni biashara. Kurani Tukufu, katika Sura At-Tauba aya ya 34, yaeleza kuwa makasisi na watawa hula mali za watu kwa njia ya batili, lakini yasema ni wengi wao, haisemi ni wote. Tena aya hiyo yaanza kwa kuwaita walioamini, nao ndio wanaoonywa kwanza, na mwisho wake yawatisha walimbikizao dhahabu na fedha, wawe wa dini yoyote. Basi Mwislamu asiisome kama fimbo ya kumpigia jirani yake.

Tutazame, basi, mambo yaliyotukia. Yale yaliyothibitishwa mahakamani tutayasema hivyo, na yaliyo madai tutayaita madai.

Mwaka 1973, huko California, Paul Crouch na mkewe Jan, pamoja na Jim Bakker na mkewe Tammy Faye, walianzisha mtandao wa televisheni wa Kikristo ulioitwa Trinity Broadcasting Network, kwa kifupi TBN. Walianza kwa kukodi muda katika kituo cha watu wengine. (Sisi wa Tanzania Bara wakati huo hatukuwa na televisheni hata moja, tulingoja hadi mwaka 1994.) Urafiki wao haukudumu. Wakina Bakker walikwenda zao, wakaendesha mtandao wao katika jimbo la North Carolina, nao ukaitwa PTL. Hivyo kutoka mzizi mmoja yakaota mashina mawili, na yote mawili yakawa makubwa mno.

Yafaa kwanza tufahamu namna vituo hivi viishivyo. Televisheni ya kawaida huishi kwa matangazo ya biashara, na ile ya serikali huishi kwa kodi. Televisheni ya wahubiri yaishi kwa njia mbili nyingine. Ya kwanza ni vipawa vya watazamaji. Ya pili ni kuuza muda: mhubiri ajaye kutoka nje hununua nusu saa au saa nzima, kisha ndani ya muda huo huomba watazamaji wampelekee fedha, ili apate kuununua muda mwingine. Basi mtazamaji hulipa mara mbili bila kujua, mara moja kwa mwenye kituo na mara nyingine kwa mpangaji wake. Mitambo, setilaiti na mafundi ni ghali kweli. Katika jambo hilo wahubiri hawasemi uongo. Lakini kwa kuwa gharama haziishi, maombi ya fedha nayo hayaishi, na pole pole kuomba fedha huacha kuwa kitu cha pembeni katika mahubiri, huwa ndiyo mahubiri yenyewe.

TBN ilikuwa na desturi ya kuweka, mara mbili kwa mwaka, siku kadhaa za kukusanya ahadi za fedha, ambapo wahubiri walipokezana mbele ya kamera na simu zikalia. Fundisho lililotumika siku hizo ndilo lile alilolieneza Oral Roberts, mhubiri mashuhuri wa Oklahoma: kwamba fedha unayoitoa ni mbegu, nawe ukishaipanda una haki ya kungoja mavuno kutoka kwa Mungu, nayo ni makubwa kuliko ulichotoa. Mwenye deni aliambiwa apande, ili deni lake lifutwe. Mgonjwa aliambiwa apande, ili apone. Fundisho hilo likumbuke vizuri, ndugu msomaji, maana ndilo tutakalokutana nalo tena huku kwetu, limevaa kanzu nyingine.

Sasa tusimulie habari ya PTL, ambayo ni ndefu lakini yafundisha kuliko zote. Jim Bakker alijenga huko Fort Mill, South Carolina, mahali pa mapumziko ya Wakristo palipoitwa Heritage USA, penye hoteli, maduka na bwawa la michezo, na mamilioni ya watu walikwenda kila mwaka. Kuanzia mwaka 1984 aliwatangazia watazamaji kwamba kila atoaye dola 1,000 atakuwa mshirika wa maisha, na kila mwaka, muda wote wa uhai wake, atalala katika hoteli siku tatu bila malipo. Watu zaidi ya 100,000 walitoa. Wengi wao walikuwa wastaafu na wafanyakazi wa kipato cha chini, ambao dola 1,000 kwao ilikuwa akiba ya miaka. Hoteli iliyokamilika ilikuwa na vyumba 500 tu. Piga hesabu mwenyewe: vyumba 500, kwa siku 365, haviwezi kabisa kuwalaza watu wote hao siku tatu tatu kila mwaka, na hoteli ya pili waliyoahidiwa haikukamilika. Washtaki walieleza kuwa jumla ya fedha ilifika dola milioni 158, na kwamba fedha iliyoombwa kwa ujenzi ilitumika kulipia gharama za kila siku za mtandao, na dola milioni 3 na zaidi zikaenda kwa Bakker mwenyewe kwa jina la bakshishi.

Waliofichua mambo hayo hawakuwa maadui wa Kanisa. Lilikuwa gazeti la mji wake mwenyewe, Charlotte Observer, lililofuata hesabu hizo miaka mingi, likalaumiwa na wafuasi kuwa ni chombo cha Shetani, na mwaka 1988 likatunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Machi 1987 Bakker alijiuzulu, ilipojulikana kuwa zaidi ya dola 250,000 zililipwa ili katibu mmoja wa kanisa anyamaze juu ya yaliyotokea kati yao. Mwaka huo huo PTL ilitangazwa kuwa imefilisika. Oktoba 1989 mahakama ilimtia Bakker hatiani kwa makosa 24 ya udanganyifu na kula njama, akahukumiwa kifungo cha miaka 45 na faini ya dola 500,000. Mwaka 1991 mahakama ya rufani iliithibitisha hatia yake, lakini ikaifuta adhabu, kwa kuwa hakimu alikuwa amechanganya hisia zake za dini katika hukumu. Hatimaye kifungo kilipunguzwa, naye akatoka mwaka 1994.

La ajabu ni hili. Akiwa gerezani Bakker alisoma upya maneno ya Yesu katika Injili, na mwaka 1996 alitoa kitabu ambamo alikiri kuwa alifundisha kinyume, na kwamba Yesu hakusema mema juu ya mali kama yeye alivyokuwa akihubiri. Kukiri huko twakuheshimu. Lakini baadaye alirudi katika televisheni, na mwaka 2020 jimbo la Missouri lilimshtaki kwa kuuza maji ya madini ya fedha katika kipindi chake wakati wa ugonjwa wa Korona, kama kwamba yaponya. Mwaka 2021 akakubali kurudisha kiasi cha dola 156,000 kwa walionunua.

Hapa nakumbuka habari moja ya Kilwa yenyewe. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa ajili ya ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia kuwa Sultani huyo alitenga khumsi, yaani sehemu ya tano ya mali iliyopatikana, akaigawa kama Kurani ilivyoagiza, na fungu la jamaa za Mtume (s.a.w.) akaliweka katika hazina ya peke yake, hata masharifu walipomjia akawapa kutoka humo. Mali yenyewe ilitokana na vita, na hilo ni somo jingine. Lakini angalia neno lile: hazina ya peke yake. Karibu miaka 700 iliyopita, mwendo mfupi tu kutoka hapo Nangurukuru, ilijulikana kwamba mali iliyotolewa kwa kazi fulani haichanganywi na mali ya kazi nyingine, wala na mfuko wa mtawala. Kosa la Bakker lililomfikisha gerezani lilianza hapo hapo: fedha ya vyumba ikawa fedha ya setilaiti, na fedha ya setilaiti ikawa fedha ya nyumba na magari.

Turudi kwa TBN, ambayo haikufilisika. Paul Crouch alikuwa mwangalifu zaidi katika hesabu. Aliepuka madeni, akanunua vituo na mitambo kwa fedha taslimu, na mtandao wake ukaenea katika mabara yote. Septemba 2004 gazeti la Los Angeles Times lilitoa mfululizo wa makala juu ya fedha zake. Liliandika kwamba mtandao ulipata zaidi ya dola milioni 170 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa vipawa vya watazamaji. Kwamba karibu asilimia 70 ya vipawa hivyo vilikuwa vya chini ya dola 50, yaani vya watu wadogo. Kwamba Paul alilipwa mshahara wa zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka na mkewe zaidi ya dola 350,000. Kwamba ilikuwapo ndege ya dola milioni 7.2, na nyumba 30 zilizomilikiwa na mtandao. Wenye TBN walijibu kwamba nyumba na ndege ni za kazi ya Injili na si mali yao binafsi, na kwamba mtandao wafanya pia kazi za huruma, kama kuwapelekea watoto maskini zawadi na matibabu. Mwaka 2012 mjukuu wao, aliyekuwa msimamizi wa fedha za mtandao, alidai kuwa mamilioni ya dola yalitumiwa kwa anasa za familia, hata gari la nyumba la dola 100,000 kwa ajili ya mbwa. Mtandao ulikanusha, ukadai kuwa yeye na mumewe ndio walioiba. Kesi zikafuatana pande zote mbili. Paul alifariki mwaka 2013 na Jan mwaka 2016, na uongozi ukashikwa na mwana wao Matthew. Hatuna haja ya kumhukumu marehemu kwa madai. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji mahakama: mishahara ile na ndege ile watazamaji waliijua kwa sababu sheria ya Marekani iliulazimisha mtandao kuwasilisha hesabu zake, na waandishi wakaenda kuzisoma. Kwenye kioo, ambako fedha iliombwa, hesabu hizo hazikusomwa.

Tena sheria hiyo yenyewe ina mlango. Shirika likijulikana kuwa ni kanisa, halidaiwi kuwasilisha hesabu za mwaka. Mwaka 2007 Seneta Charles Grassley, ambaye mwenyewe ni Mkristo, aliwaandikia wahubiri sita mashuhuri wa televisheni akiwauliza juu ya ndege, nyumba na mishahara yao. Wawili, Joyce Meyer na Benny Hinn, walijibu na kurekebisha baadhi ya taratibu zao. Wengine hawakujibu yote au walikataa. Januari 2011 uchunguzi ulikwisha bila adhabu kwa yeyote.

Je, mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Afrika ya Mashariki? Yatuhusu sana. Setilaiti haina mpaka. Vipindi vya TBN vilirushwa na vituo vya huku, kama Family TV ya Nairobi, na baada ya vipindi likaja fundisho, na baada ya fundisho wakaja wanafunzi wa fundisho, nao ni watu wetu. Tofauti ni kwamba Mmarekani aliandika hundi na kuitia katika bahasha, akapata siku mbili tatu za kufikiri. Lakini mtu wa huku ana simu mkononi, na fedha huondoka kabla machozi ya maombi hayajakauka.

Novemba 2014 kituo cha KTN cha Nairobi kilionyesha uchunguzi wake juu ya mhubiri Victor Kanyari. Wenye shida waliombwa wapande mbegu ya shilingi 310 kwa M-Pesa. Katika ibada miguu ya wagonjwa ilioshwa, na maji yakageuka mekundu kama damu, ikasemwa ni ugonjwa unaotoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni permanganeti, ile dawa ya unga inayouzwa madukani, ambayo hubadili rangi ya maji. Ilidaiwa pia kwamba baadhi ya watoa ushuhuda walipangwa. Kelele zilipozidi, Mwanasheria Mkuu wa Kenya aliandaa kanuni za kuzibana jumuiya za dini, zikatangazwa mwanzoni mwa mwaka 2016. Viongozi wa makanisa wakazipinga, na viongozi wa Kiislamu nao wakazipinga, Rais akaagiza ziondolewe. Shilingi 310 ni kidogo, nusu ya watu wangesema na ziende. Lakini mtego wa samaki wadogo hautegwi kwa sababu samaki mmoja ni mkubwa.

Huku Tanzania, lugha hiyo hiyo ya kupanda na kuvuna ilitumiwa na DECI, chama kilichoendeshwa na wachungaji, ambacho kiliwaahidi watu kwamba wakipanda fedha watavuna mara mbili au zaidi baada ya wiki kadhaa. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho, hakuna shamba jingine. Serikali iliifunga mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake wanne walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. DECI haikuwa televisheni. Naitaja kwa kuwa ni fundisho lile lile la Oral Roberts lililofanywa wazi: kwa mhubiri wa televisheni mavuno yaletwe na Mungu siku isiyojulikana, nako kwa DECI yaletwe na mwenye dirisha siku iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo DECI ilipoanguka watu walikuwa na kadi za kuonyesha. Aliyepanda kwa mhubiri hana kadi.

Na hatari haiishi katika fedha. Huko Malindi, Paul Mackenzie alikuwa na kituo chake, Times TV, alichohubiria kabla ya kuhamia msitu wa Shakahola, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao watoto, walioelezwa kuwa walifundishwa kufunga chakula hata kufa ili wakutane na Yesu. Mwishoni mwa mwaka 2023 mahakama ya Malindi ilimfunga mwaka mmoja, na kosa lilikuwa nini? Kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni. Kesi ya vifo ilianza kusikilizwa Mombasa Agosti 2024, naye alikana mashtaka. Nataja leseni kwa makusudi. Mtu husema, kituo hiki kina leseni, basi kimekaguliwa. Hapa kwetu TCRA hutoa leseni za utangazaji, na jumuiya za dini husajiliwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini hakuna ofisi yoyote duniani inayokagua kama mavuno ya mara mia yalimfikia mpandaji.

Sasa tufungue Biblia, kwa kuwa wahubiri hawa huisoma mbele ya kamera, nasi twaweza kuwaomba waendelee aya chache mbele na chache nyuma.

Aya wanayoipenda ni Malaki 3:10, na wengine wamedhani hata ile 310 ya Nairobi ilitokana nayo. Humo Mungu awaagiza Wana wa Israeli kuleta zaka ghalani, naye atawafungulia baraka. Lakini ghala hilo lilikuwa la nini? Aya yenyewe yataja chakula. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati 14:28-29, yawataja wenye kukila: Walawi wasio na shamba, wageni, yatima na wajane. Yaani mjane alikuwa mlaji wa ghala lile. Leo mjane ndiye aliyegeuzwa kuwa mletaji, na mlaji ni mwenye ndege. Tena Nehemia, aliyeishi karibu na zama za Malaki, aliweka watunza hazina juu ya ghala hilo hilo, akawachagua waliojulikana kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kugawa (Nehemia 13:12-13). Na Paulo, alipokusanya fedha kwa maskini wa Yerusalemu, hakuichukua peke yake; alituma ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa waende nayo, asije mtu akamlaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Sisi na Wakristo twatofautiana sana juu ya Paulo, lakini katika jambo hili alifanya sawasawa.

Aya ya pili ni Marko 10:29-30, ambayo ndiyo yenye mara mia. Isome. Yesu hasemi juu ya mtu aliyempelekea mhubiri fedha. Asema juu ya aliyeacha nyumba, ndugu, wazazi na mashamba kwa ajili yake, na kati ya vitu atakavyopata mara mia wametajwa akina mama, na zimetajwa pia adha. Ikiwa maneno haya ni ya hesabu ya fedha, basi mtu huyo lazima apate mama 100 wa kumzaa, na mateso juu yake. Ni wazi kwamba Yesu alizungumza juu ya jamaa mpya ya waaminio, ambamo mfuasi aliyefukuzwa kwao hupokewa katika kila nyumba kama mwana. Wewe uliyeingia katika dini kwa kutengwa na wazee wako waelewa maneno hayo kuliko mhubiri.

Lakini hakuna mahali panapotumiwa vibaya kama habari ya mjane aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hekalu (Marko 12:41-44). Kila mwenye kuomba fedha huisimulia. Basi rudi aya chache nyuma, aya ya 38 hadi ya 40. Humo Yesu awaonya watu wajihadhari na waandishi wapendao mavazi marefu na viti vya mbele, ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu za kujionyesha. Ndipo, bila kupumzika, anaketi kulielekea sanduku, na anayetokea ni mjane. Alimsifu moyo wake, ndiyo. Lakini je, alimwahidi atarudishiwa mara mia? Hakumwahidi hata senti ya tatu. Wala hakutuma mwanafunzi kumkimbilia amwambie aongeze. Na baada ya aya mbili tatu, katika sura ya 13, asema kwamba hekalu lile lililopokea fedha ya mjane halitasaliwa na jiwe juu ya jiwe.

Kama bado wataka mfano, soma 2 Wafalme sura ya 5. Nabii Elisha aliposababisha Naamani kupona ukoma, alikataa zawadi yake yote. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyemkimbilia mgonjwa aliyekwisha pona, akatunga habari ya wageni wenye shida, akapata fedha na mavazi. Mhubiri aombaye malipo kabla ya uponyaji amempita hata Gehazi, ambaye angalau alingoja mtu apone. Na Yesu, alipowatuma wanafunzi wake kuponya wagonjwa, aliwaagiza kuwa walichopata bure wakitoe bure (Mathayo 10:8).

Ubaya wa fundisho la mbegu, basi, hauko katika ndege tu. Mtu atoapo sadaka ya kawaida, kwa mfano ya kujenga zahanati au kumlisha yatima, anaweza kesho kuuliza: zahanati iko wapi, yatima amekula nini? Sadaka ina mpokeaji anayeonekana. Lakini atoapo mbegu, mpokeaji wa kweli anasemwa kuwa ni Mungu, na mlipaji anasemwa kuwa ni Mungu, na mhubiri yuko katikati kama tarishi tu. Mavuno yasipokuja, nani ataulizwa? Mhubiri hatoulizwa. Ataambiwa mpandaji kwamba imani yake ilikuwa haba, na dawa ya imani haba ni kupanda tena. Hivyo hesabu inafungwa kabla haijafunguliwa, na mwenye kuibiwa ndiye aonaye aibu. Mkulima wa Kilwa anayepeleka ufuta wake katika chama cha msingi hupewa karatasi ya mizani, na mizani ikimdanganya ataipigia kelele mkutano mzima. Kwa nini mtu mwenye akili hiyo aiweke kando pindi ajapo mtu kwa jina la Mungu?

Huenda mtu akasema: Hata misikitini na katika jumuiya zote za dini fedha huchangwa, je, nanyi mwajibu nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba maswali yale yale yaulizwe kote. Muulize aombaye: fedha hii ni ya kazi gani, na kazi hiyo naweza kuiona? Nani mwingine, asiye ndugu yako wala mkeo, huhesabu fedha hizi? Je, mwaka jana mlisoma hesabu mbele ya waliotoa? Na kabla hujaweka namba yako ya siri, simu yako hukuonyesha jina la atakayepokea. Tazama kama ni jina la jumuiya au la mtu mmoja. Mwenye kazi safi atakujibu, pengine hata atafurahi kuulizwa. Akikasirika, akikuambia kuwa kuuliza ni dhambi ya kumjaribu Roho, umekwisha kujibiwa. Na kwa mgonjwa, dua ya mzazi wake hailipiwi, na nauli ya kumfikisha hospitali ya wilaya pale Kivinje ni sadaka ambayo mavuno yake yaonekana.

Limebaki swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: aliyekwisha kutoa, je, atarudishiwa? Kwa kawaida hapana, maana alitoa kwa hiari yake, na sheria humwona mtoaji kuwa si mdai. Washirika wa maisha wa PTL walijaribu. Walifungua kesi kwa pamoja, ikachukua miaka mingi, na mwaka 2003, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki, mgao ulitolewa. Aliyekuwa ametoa dola 1,000 alipelekewa dola 6 na senti 54.